Vidole Navyo Vinasoma

(Mada iliyotolewa katika darsa la vijana na familia za Kisii na Nyamira, baada ya Laasiri, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Tumeiacha karibu kama ilivyosemwa. Mhariri.)

Bismillahi Rahmani Rahim

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na maswahaba wake wote. Ama baad.



Najua ni baada ya Laasiri. Saumu imekaza, na kuna wenzetu wanaoitazama saa kuliko wanavyonitazama mimi. Wengine mmetoka Keroka na Nyamira kwa matatu, wengine mmekanyaga matope ya Kisii yetu hii, ambayo mvua yake haiulizi kama umefunga au hujafunga. Kwa hivyo sitawachosha inshallah.

Watoto, fumbeni macho kwanza. Wote. Wewe mwenye kofia nyekundu, nakuona unachungulia! Haya. Napitisha kitu mkono kwa mkono. Kila mmoja akiguse, ampe mwenzake, wala asiseme neno mpaka kifike mwisho.

Haya, ni nini? Mmesema ni tembo wa jiwe la Tabaka. Sahihi. Na huyu mdogo ameongeza kwamba mkonga wake umevunjika. Sahihi pia. Sasa nani amewaambia? Macho yalikuwa yamefumbwa na mimi sikusema kitu. Ni vidole vyenu ndivyo vilivyowaambia. Hata mafundi wenyewe kule Tabaka, wakishachonga na kulisugua jiwe kwa msasa na maji, hupitisha kidole kutafuta mkwaruzo ambao jicho limeukosa.

Basi leo nataka tuzungumze juu ya vidole. Namna ndugu zetu wasioona wanavyosoma, na namna ya kuzungumza nao. Nawaambia watoto, lakini wazazi sikilizeni pia, kwa sababu mtoto hawezi kufundishwa na mzazi jambo ambalo mzazi mwenyewe halijui.

Aya niliyoiruka

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili nisionekane nimekuja kuwakosoa watu.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja hivi, katika madrasa niliyosoma kulikuwa na kijana asiyeona. Madrasa sitaitaja, naye pia sitamtaja jina, maana yu hai na habari hii ni yake zaidi kuliko yangu. Tulikuwa tunalingana umri. Mamake alimleta kila jioni akiwa amemshika mkono, akamketisha karibu na mlango, kisha akarudi Daraja Mbili kumalizia kuuza ndizi zake. Yule kijana hakuwa na juzuu wala kibao. Maalim wetu alikuwa mtu mwema, lakini aliamini kwamba kwa mtoto wa namna ile kilichobaki ni kusikiliza tu. Basi sisi tulisoma, yeye akasikiliza.

Na wallahi alikuwa na masikio! Ukimsomea ukurasa mara nne, mara ya tano anakusomea wewe. Ramadhani moja akaandikishwa katika mashindano ya kuhifadhi Qur'an. Akapewa Suratul-Mulk, aya thelathini. Mimi nikapewa kazi ya kumsomea kila siku baada ya Laasiri, saa kama hii tuliyonayo. Na kila siku saa kama hii wenzangu walikuwa uwanjani wanacheza mpira, nazisikia kelele zao. Siku moja nikasoma mbio mbio, jicho likaruka aya moja. Nilijua nimeiruka. Nikajiambia moyoni, kesho nitamrekebishia. Kesho yake sikumrekebishia. Keshokutwa nikasahau.

Siku ya mashindano msikiti ulijaa. Akasimama, akaanza, na watu wote wakanyamaza kwa utamu wa ile sauti. Alipofika pale, akapita. Jaji akamsimamisha. Akarudi nyuma kidogo, akapita tena vile vile. Jaji akamsimamisha mara ya pili. Akasema, kwa adabu kabisa, "Ndivyo nilivyosomewa, ustadh." Akaulizwa, "Nani alikusomea?" Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Sikumbuki."

Mimi nilikuwa safu ya tatu. Nikainamisha kichwa, kana kwamba angeweza kuniona. Sikusema kitu. Akatolewa mashindanoni, mamake akamshika mkono, wakaenda nyumbani.

Habari hii nitairudia mbele. Kwanza tuangalie wenzetu waliotutangulia waliishi vipi na mtu asiyeona.

Mtu aliyesubiriwa na Madina nzima

Mnamjua swahaba Abdullah ibn Umm Maktum (R.A.)? Alikuwa haoni. Kule Makka alimjia Mtume (S.A.W.) wakati Mtume amekabiliana na wakubwa wa Makureshi, akitaraji wataukubali Uislamu. Hapo ikashuka Suratu 'Abasa, na sote tunajua mafunzo yake. Lakini wazazi wangu, hebu tuangalie yule asiyeona alikuja kutafuta nini. Hakuja kuomba chakula. Hakuja kuomba nguo wala senti. Alikuja kusoma. Na aya zikashuka kwa ajili ya mtu aliyekuja kusoma.

Baadaye huko Madina alikuwa mwadhini pamoja na Bilal (R.A.). Bilal akiadhini usiku ungali upo, na Mtume (S.A.W.) akawafundisha watu kwamba adhana ile isiwazuie daku yao, waendelee kula na kunywa mpaka wamsikie Ibn Umm Maktum. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na ndani yake imeelezwa kuwa yeye alikuwa haadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha.

Ndugu zangu, hapa kuna mambo mawili. La kwanza, mji mzima uliweka chini tonge kwa sauti ya mtu asiyeona. La pili, walikuwapo watu waliomwambia. Wenye macho waliona weupe wa alfajiri, wakamwambia kwa maneno na kwa wakati wake, naye akaufikishia mji. Yeye hakuona aibu kuambiwa, na wao hawakuona uzito kumwambia.

Sasa tujiangalie sisi. Ratiba ya Ramadhani, ile ya nyakati za daku na futari, tunaisambaza vipi? Tunaipiga picha na kuitia kwenye WhatsApp. Simu ya mtu asiyeona ina programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Kwenye simu nyingi za Android inaitwa TalkBack, na huwa imo tayari ndani ya simu. Ukimwandikia kwamba Alfajiri leo ni saa kumi na moja na robo, simu itamsomea. Ukimtumia picha tupu, mara nyingi atasikia tu kwamba kuna picha. Zipo programu zinazojaribu kusoma maandishi yaliyomo ndani ya picha, lakini jedwali lenye tarakimu nyingi huzichanganya. Kwa hivyo kikundi kizima kimepata saa ya daku, na mmoja wetu hakuambiwa kwamba kumekucha.

Vijana wenzangu mnaosimamia vikundi hivyo, andikeni mstari mmoja chini ya picha. Ni kazi ya nusu dakika.

Nukta sita tu

Haya watoto, sasa zamu yenu. Maandishi wanayosoma wasioona yanaitwa Breli. Ndugu zetu wa Tanzania huyaita nukta nundu, na jina hilo linaeleza vizuri, maana kila nukta ina nundu ndogo ambayo kidole kinaisikia.

Aliyeyabuni ni Louis Braille, aliyezaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray karibu na Paris, Ufaransa. Babake alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza matandiko ya farasi. Louis akiwa na miaka mitatu alichezea chombo chenye ncha katika karakana ya babake, kikamchoma jicho. Ugonjwa ukaenea hadi jicho la pili, akawa haoni kabisa. Alipofika miaka kumi akapelekwa shule ya wasioona Paris. Vitabu vya shule ile vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi, kubwa, nzito, na za kuchosha kusoma. Na mwanafunzi hakuweza kuziandika mwenyewe.

Akatokea mtu aitwaye Charles Barbier, aliyewahi kuwa mwanajeshi, na maandishi yake ya nukta zilizoinuka. Kila alama ilikuwa na nafasi kumi na mbili za nukta. Louis akaona kasoro ambayo mwenye macho hakuiona, kwamba ncha ya kidole haiwezi kuzifunika nukta kumi na mbili kwa mguso mmoja. Akazipunguza hadi sita. Kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15 tu, kazi ilikuwa imeiva, na mwaka 1829 akaichapisha. Alifariki mwaka 1852, na shule yake ikayakubali maandishi hayo rasmi mwaka 1854, yeye akiwa kaburini. Tangu 2019 Umoja wa Mataifa umeifanya tarehe 4 Januari kuwa siku ya Breli duniani.

Na msidhani Waislamu walikuwa wamekaa tu. Huko Baghdad aliishi mwanachuoni asiyeona, Zayn al-Din al-Amidi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, yaani kama miaka 500 kabla ya Louis. Imesimuliwa kuwa kila akinunua kitabu alikuwa akisokota karatasi nyembamba, akaikunja kwa umbo la herufi za kuhesabia, akaibandika ndani ya jalada. Akitaka kujua bei ya kitabu anagusa tu. Basi hata yeye vidole vyake vilikuwa vikisoma.

Sasa fanyeni hivi nyumbani. Chukueni trei ya mayai iliyoisha, mkate kipande chenye mashimo sita: mawili kwenda upande, matatu kwenda chini. Mashimo ya kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni namba 1, 2, 3. Ya kulia ni namba 4, 5, 6. Mayai yenu yawe vizibo vya soda.

Tia kizibo shimo namba 1 peke yake. Hiyo ni A. Ondoa, utie 1, 2 na 3. Hiyo ni L. Ondoa tena, utie 2 na 4. Hiyo ni I. Tumeandika jina gani? Ali! Mnaona, sasa hivi mmesoma neno zima la Breli.

Kuna siri nyingine ya kupendeza. Herufi kumi za kwanza, A mpaka J, hutumia mashimo manne ya juu tu. Ukiziongezea namba 3 unapata kumi zinazofuata. A ukiongeza 3 ni K. B, ambayo ni 1 na 2, ukiongeza 3 ni L. C, ambayo ni 1 na 4, ukiongeza 3 ni M. Kwa hivyo aliyejua kumi amejua ishirini. Herufi W tu ndiyo iliyo nje ya mpango, kwa sababu Wafaransa wa wakati ule hawakuihitaji, ikaongezwa baadaye. Sisi Waswahili bila W tungefanyaje, na watoto, wazazi na walimu wote wanaanza nayo!

Kwa nukta sita hizo unapata maumbo 63 tofauti. Yanatosha herufi, tarakimu, alama za kituo, hata hesabu. Na yanatosha Kiarabu. Ba ni 1 na 2. Sin ni 2, 3, 4. Mim ni 1, 3, 4. Waliosoma juzuu wameshajua nimeandika mwanzo wa neno gani. Misahafu ya Breli inachapishwa, nchi kama Saudi Arabia, Uturuki na Malaysia wanayo. Karatasi yake ni nene na nukta hazibanwi, kwa hivyo msahafu mmoja hugawanywa kuwa vitabu vikubwa kadhaa.

Lakini maustadh, hapa pana jambo la kujua. Kiarabu cha Breli husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume na msahafu wetu. Mkipata mwanafunzi asiyeona, mkaona kidole chake kinakwenda upande mwingine, msimkemee. Yuko sawa.

Kuandika nako kuna njia mbili. Kuna mashine yenye vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na inayojulikana sana ni ile ya Perkins iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951. Na kuna kifaa cha bei rahisi, kibao chenye vidirisha vidogo na kalamu ya ncha ya chuma. Karatasi hubanwa katikati, unaichoma kwa nyuma. Kwa kuwa unachoma upande wa nyuma, unaanza kulia kwenda kushoto, kisha unaigeuza karatasi na kuisoma kushoto kwenda kulia. Mtoto wa madrasa hapa hana tabu, kuanzia kulia ameshazoea!

Kama hakuna kibao, tandikeni blanketi lililokunjwa, wekeni karatasi ya manila juu yake, na mtumie kalamu iliyokwisha wino. Bonyezeni taratibu kwa nyuma, msitoboe. Andikeni majina yenu kinyumenyume, mgeuze, mfumbe macho, mguse.

Kusikiliza hakutoshi

Kuna atakayesema, kijana wetu, siku hizi simu inasoma yenyewe, rekodi za Qur'an ziko kila mahali, Breli ya nini? Ni swali zuri. Sauti ni neema, na hakuna anayeikataa. Lakini anayesikia tu hajui neno linaandikwaje. Atajuaje kama ni dhahabu au zahabu, ikiwa wanaomzunguka wanatamka zahabu? Na anayesomewa anachukua makosa yote ya anayemsomea.

Hapa narudi kwa rafiki yangu. Akiwa na miaka kumi na minne mjomba wake alimpeleka shule ya wasioona, na huko akajifunza Breli. Tukapoteana. Mwaka jana nilimtafuta, tukakutana. Nilikuwa nimeyabeba maneno yangu miaka yote hiyo. Nikamwambia, "Ile aya niliiruka mimi. Na nilijua nimeiruka."

Akacheka kidogo. Akasema, "Nilijua siku ile ile kuwa ni wewe. Lakini ningekutaja, nani angenisomea kesho yake?"

Ndugu zangu, neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Miaka yote nilidhani alinisitiri kwa sababu ya urafiki. Kumbe alinyamaza kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuufikia msahafu isipokuwa kupitia kinywa changu. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, amedhulumiwa mbele ya watu, na ilimbidi amlinde aliyemdhulumu ili apate kusoma. Mtoto asiyejua kusoma mwenyewe tunamweka chini ya hisani ya kila mwenye macho, mwema na mvivu. Basi tukimfundisha Breli tunamwondolea unyonge huo.

Alipomaliza akanipa ukurasa, akasema, "Haya, soma wewe sasa." Nikapapasa. Nilisikia kama chumvi iliyomwagika mezani, basi. Ikabidi nimwombe anisomee. Akanisomea Suratul-Mulk kutoka mwanzo hadi mwisho, kidole kikitangulia na sauti ikifuata. Aya thelathini. Hakuruka hata moja.

Adabu za kuzungumza na asiyeona

Watoto, shikeni haya machache.

Ukimsalimia, jitaje. "Assalaam alaykum, mimi Amina." Usimwambie, "Nijue mimi ni nani!" Huo ni mtihani na yeye hakuja kufanya mtihani. Wala usisalimie kwa kutikisa kichwa. Ukiondoka mwambie unaondoka, usimwache anazungumza na kiti.

Zungumza naye mwenyewe. Msimwulize mamake, "Anakunywa chai?" Macho ndiyo hayaoni, masikio yapo, na ulimi upo. Wala usipige kelele, si kiziwi. Na usiogope kumwambia "tutaonana", yeye mwenyewe anasema hivyo.

Acheni maneno ya "pale" na "huku". Sisi tuna tabia hiyo, tunaelekeza kwa kidomo, "Si pale tu!" Pale wapi? Sema, "Hatua tatu mbele yako kuna mfereji," au, "Mlango uko kulia kwako." Kisii yetu ina miteremko, mifereji na bodaboda zilizoegeshwa mahali pa kupita watu. Neno moja lililonyooka linaweza kumwokoa na mguu uliovunjika.

Ukitaka kumsaidia kutembea, muulize kwanza. Akikubali, yeye ndiye anayeshika kiwiko chako, nawe unatangulia nusu hatua. Usimvute, usimsukume, na usiishike fimbo yake nyeupe. Ile fimbo ni jicho lake, na hakuna anayependa kutiwa kidole jichoni.

Usihamishe vitu vyake. Watoto mna mchezo wa kuchanganya viatu mlangoni mwa msikiti. Kwenu ni kicheko. Kwake ni robo saa ya kupapasa viatu vya watu huku wengine wameshafika nyumbani.

Wakati wa futari mwelezeni sahani yake. Vitabu vingi vya kigeni vinasema tumia uso wa saa. Kwetu hilo lina hatari. Ukimwambia Mswahili chai iko saa tatu, yeye anafikiria mkono ulio kwenye tisa, wewe unafikiria tatu iliyoandikwa, na mmoja wenu ataungua! Sema tu, "Tende ziko kushoto, sambusa katikati, uji wa moto uko kulia karibu na mkono wako." Kisha gonga kikombe taratibu asikie kilipo.

Na wale ambao hawaoni na pia hawasikii, nao wana lugha. Huzungumza kwa mkono ndani ya mkono, kwa ishara za kugusa au herufi zinazoandikwa kiganjani. Kwa hivyo tusiseme juu ya mja yeyote wa Allah kwamba huyu haongeleki.

Sasa tufanye nini?

Wazazi, tuambiane ukweli. Katika vijiji vyetu, Kisii na Nyamira, kuna watoto wasioona waliofungiwa nyumbani kwa aibu au kwa huruma iliyopotoka. Ramadhani ikifika tunawakumbuka kwa unga na sukari. Ni jambo jema, Allah atulipe. Lakini Ibn Umm Maktum alikuja kusoma. Mtoto asiyeona si sanduku la sadaka.

Serikali ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, ambavyo walimu huviita EARC. Ulizeni katika ofisi ya elimu iliyo karibu nanyi, mpeleke mtoto, na mapema, maana kidole cha mtoto hujifunza upesi. Shule zipo. Ile ya Thika ilianzishwa na Salvation Army tangu mwaka 1946. Kwetu huku jirani kuna Kibos, Kisumu. Pwani kuna Likoni, Mombasa. Vitabu vya shule vya Breli vinatengenezwa hapa hapa nchini, na mitihani ya taifa hutolewa kwa Breli. Na hii si hisani ya mtu. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kusoma na kutumia Breli, na ibara ya 7 inaitaka serikali iikuze.

Maustadh wetu, sisi tusomao ualimu tuko tayari. Nipeni Jumamosi mbili baada ya Idi, nitawafundisha herufi za Breli, za Kiswahili na za Kiarabu. Hamhitaji kusoma kwa kidole. Mnaweza kuzisoma kwa macho, mradi mjue mwanafunzi wenu ameandika nini.

Vijana, ratiba iandikwe kwa maneno. Na aliyekubali kumsomea mwenzake asome kila mstari, hata kama mpira umeanza.

Na nyinyi watoto, kazi yenu ni trei ya mayai. Nikija Ramadhani ijayo inshallah nitawauliza majina yenu kwa vizibo. Jioni hii pia mwombeni baba noti, mfumbe macho, mguse pembeni. Noti zilizotolewa mwaka 2019 ziliwekewa alama za kugusa kwa ajili ya wasioona. Mkishazisikia, mrudishieni baba noti yake!

Yule rafiki yangu nilimwomba ruhusa ya kuwasimulia habari hii. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nisimalize bila kuwaambia kuwa aya ile ameshaijua. Basi nimewaambia.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) azikubali saumu zetu, awasamehe wazazi wetu, na atujaalie tuwe watu wa kuambiana kwamba kumekucha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.